Kwa nini seva tatu zinazoulizana saa hazielewani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasimamia kompyuta za chama cha akiba na mikopo. Tuna seva tatu: Simba yuko makao makuu, Chui tawi la mjini, Twiga tawi la kijijini. Aliyenitangulia kazini aliacha programu ndogo. Kila dakika kila seva huwauliza wenzake wawili ni saa ngapi, kisha hufuata ile saa iliyo katikati ya zote tatu. Sasa mkaguzi ameona kwenye daftari makato ya mkopo yametangulia amana iliyoyalipia, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Chuoni tulifundishwa saa tatu zinatosha: moja ikiharibika, mbili zinaishinda kwa kura. Kwingine nimesoma ni lazima ziwe nne. Nifuate lipi? Na Twiga umeme ukikatika usiku huamka na tarehe ya mwaka 2015."

Marahaba. Aliyekufundisha hakukosea, na ulichosoma nacho ni kweli. Tatizo ni kwamba kila kimoja kinajibu swali lake, na mtangulizi wako alichukua jibu la swali moja akalipachika kwenye swali la pili. Zile milisekunde zako, yaani sehemu za elfu za sekunde, zinavujia hapo hapo.

Nimefungua faili la vipimo ulilonitumia, nikachagua dakika moja tu: saa nne kamili asubuhi, siku ya kazi, laini zimejaa. Umefanya vizuri sana kuazima vile vipokezi vya GPS na kuvipeleka kila tawi wiki ile, maana vimetuonyesha ukweli ambao seva zenyewe haziujui. Tuichukue saa ya Simba kuwa sifuri. Dakika ile Chui alikuwa mbele yake kwa milisekunde 90, na Twiga alikuwa kati yao, milisekunde 35 mbele ya Simba. Basi tungetegemea Simba asogee hadi 35, Chui arudi hadi 35, mambo yaishe.

Tazama kilichotokea. Seva ikiuliza saa, huandika wakati swali lilipoondoka na wakati jibu lilipofika, ikachukua nusu ya safari nzima kana kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Baina ya Simba na Twiga si sawa hata kidogo. Swali lilikwenda kwa milisekunde 30, jibu likarudi kwa 110, kwa sababu laini ya kijijini ni nyembamba upande wa kupandisha na saa hizo Twiga anasukuma nakala za picha za vitambulisho. Simba akagawa 140 kwa mbili, akapata 70, na hapo hapo akawa amekosea kwa 40. Saa ya Twiga ambayo kweli ni 35, kwake ikasomeka −5.

Chui anamfikia Twiga kwa njia nyingine, kile kimodemu cha laini ya simu, na huko msongamano uko upande wa kushusha. Swali lilichukua 140, jibu likachukua 20. Kosa sasa ni 60 upande wa pili: Chui akaiona saa ya Twiga kuwa 95.

Kwa hiyo Simba ana mbele yake −5, 0 na 90. Ya katikati ni 0, yaani yeye mwenyewe. Chui ana 0, 90 na 95. Ya katikati ni 90, yaani yeye mwenyewe. Twiga naye, kwa njia zile zile zilizopinda, anamwona Simba kuwa 40 na Chui kuwa 30, na yeye yuko 35. Katikati tena! Watatu wote wameulizana, wote wameridhika, hakuna aliyesogea hata milisekunde moja. Programu ikaandika "sawa" kwenye kumbukumbu zake, na ndivyo ilivyokuwa ikiandika dakika nenda dakika rudi.

Amana ilipigwa muhuri na Chui, aliye mbele kwa 90. Makato yakapigwa muhuri na Simba milisekunde 30 baadaye kwa wakati wa kweli. Kwenye daftari makato yanaonekana yametangulia kwa 60. Mkaguzi wako ana macho.

Nakuomba uone hapa kwamba hakuna saa iliyoharibika. Twiga hakusema uongo. Ila kutokana na njia, Simba amesikia neno moja na Chui amesikia neno jingine, kutoka kinywa kimoja. Kiswahili kina jina la mtu wa namna hiyo: ndumilakuwili. Na elimu nzima ya kuoanisha saa zenye hitilafu imezaliwa kwa sababu ya ndumilakuwili. Saa iliyosimama ni mgonjwa rahisi, kila mtu anaiona imesimama. Saa inayokimbia nayo ni rahisi, kwa sharti kwamba inawakimbia wote sawasawa. Mwalimu wako wa chuoni alikuwa anazungumzia saa za aina hiyo, na kwa hizo kura ya saa tatu inatosha kabisa.

Labda utauliza: je, hakuna ujanja wa kuokoa tatu? Tuseme tuandike programu bora zaidi? Hapana, na unaweza kuona mwenyewe bila hesabu kubwa. Jiweke kwenye nafasi ya Simba. Una −5, 0 yako, na 90. Huenda Chui ndiye mwongo. Basi wakweli ni wewe na Twiga, na mahali salama ni kati ya −5 na 0. Huenda Twiga ndiye mwongo; basi mahali salama ni kati ya 0 na 90. Hujui ni yupi. Mahali pekee palipo salama kwa hali zote mbili ni 0, pale pale ulipo. Chui akifikiri kwa busara hiyo hiyo atabaki 90. Busara yenyewe ndiyo inayowafunga. Danny Dolev, Joseph Halpern na Ray Strong walilithibitisha jambo hili kihesabu miaka ya 1980: bila saini za kidijitali kwenye ujumbe, ukitaka kuvumilia ndumilakuwili mmoja unahitaji saa nne, wawili saba, watatu kumi. Mara tatu ya wabaya, ongeza moja.

Sasa mlete wa nne, tumwite Nyati, laini zake nzuri, saa yake iko 45. Badili na kanuni: kila mmoja apange saa nne anazoziona, atupe ya chini kabisa na ya juu kabisa, achukue nusu ya njia kati ya mbili zilizobaki. Simba anaona −5, 0, 45, 90. Anatupa mbili za pembeni, anabaki na 0 na 45, anasogea hadi 22.5. Chui anaona 0, 45, 90, 95. Anabaki na 45 na 90, anarudi hadi 67.5. Tofauti ilikuwa 90, sasa ni 45. Nilifanya na raundi ya pili kwa kalamu, Twiga akiendelea na nyuso zake mbili, ikashuka hadi 22.5. Kila raundi inakatwa nusu, hadi inapofika kwenye kosa dogo la usomaji na mwendo wa kristali zenyewe, vile vipande vinavyoendesha saa ndani ya kompyuta, ambapo haishuki tena. Twiga anaweza kuonekana −5 au −5,000, haidhuru. Akizidi sana anatupwa, akijificha katikati hana pa kumpeleka mtu.

Kanuni hii ya kutupa pembe na kuchukua nusu ya njia iliandikwa na Jennifer Lundelius na Nancy Lynch miaka hiyo hiyo ya 1980. Kabla yake Leslie Lamport na Michael Melliar-Smith walikuwa na yao ya wastani, waliyoichapisha mwaka 1985. Hawakuwa wanacheza. Huko SRI, taasisi ya utafiti ya Menlo Park, California, shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa limegharimia kompyuta ya ndege iliyoitwa SIFT, kompyuta ya kurusha ndege ambayo bila hiyo ndege haikai hewani, na walitaka iendelee hata sehemu zake zikifa. Kwenye waya, ndumilakuwili hahitaji hata laini ya kijijini: umeme wa ishara ukidhoofika ukasimama katikati ya moja na sifuri, kipokezi kimoja kitasoma moja na jirani yake atasoma sifuri, kwa waya ule ule, kwa nukta ile ile. Leo kanuni ya Lundelius na Lynch imo ndani ya FlexRay, mtandao wa waya ulioundwa kwa ajili ya magari.

Hiyo ndiyo nne ya kwanza. Sasa nne ya pili, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya.

Ukifungua mwongozo wowote mzuri wa NTP, ile itifaki ambayo David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware aliianzisha miaka ya 1980 na ambayo bado inaongoza saa za intaneti, utaambiwa uweke vyanzo vinne. Lakini nne hiyo haitokani na ile hesabu ya mara tatu ongeza moja. Seva yako ikiwa mteja wa NTP haikubaliani na mtu. Inasikiliza tu. Ukweli uko nje, kwenye saa za atomiki, na vyanzo ni mifereji ya kuuleta. Msikilizaji mmoja mwenye vyanzo vitatu, kimoja kikiwa kibovu, ana viwili vinavyoafikiana, na hilo linamtosha. Ya nne inawekwa kwa sababu ya kawaida kabisa: kimoja kikizimika kwa matengenezo, ubaki na vitatu. Ukibaki na viwili na vikagombana, huna la kufanya. Mwenye saa mbili zisizopatana ni afadhali angekuwa na moja, angalau asingejua.

Kwa hiyo programu ya mtangulizi wako iko kwenye swali la kwanza, seva zinaulizana zenyewe kwa zenyewe, lakini inatumia jibu la swali la pili, kura ya saa tatu. Angetaka kubaki humo, angeongeza Nyati. Mimi nisingebaki humo. Chama chenu si ndege. Ndege haiwezi kusimama angani kuuliza saa, nyinyi mnaweza.

Na NTP ina jambo jingine ambalo kura ya katikati haina, nalo naliona ni zuri kuliko yote. Haichukui jibu kama nukta. Inalichukua kama kipande cha muda: saa niliyoisoma, jumlisha au toa nusu ya safari nzima, pamoja na kiasi kidogo cha ziada kwa ajili ya mwendo wa kristali. Rudi kwa Simba akimsoma Twiga. Safari nzima ilikuwa 140, nusu yake 70. Badala ya kusema "Twiga ni −5", anasema "Twiga yuko mahali fulani kati ya −75 na 65". Ukweli, 35, umo ndani. Utakuwa umo daima, hata njia ipinde vipi, kwa sababu kosa la njia kupinda haliwezi kuzidi nusu ya safari. Laini mbaya inajitangaza yenyewe kuwa mbaya. Programu huvilaza vipande vyote kwenye mstari mmoja, hutafuta mahali ambapo vilivyo vingi vinapishana, na chochote ambacho hakigusi hapo kinaitwa mwongo na kutolewa. Msingi wa wazo hilo aliuweka Keith Marzullo kwenye tasnifu yake mwaka 1984. Google nao walijenga juu yake: hifadhidata yao ya Spanner, walipoieleza mwaka 2012, ilikuwa haiulizi "ni saa ngapi" bali "sasa hivi ni kati ya lini na lini", na jibu lilikuwa na upana wa milisekunde chache tu kwa sababu kila kituo kina vipokezi vya GPS na saa za atomiki.

Nadhani sasa uko tayari kufungua faili la mipangilio ukaweke vyanzo vinne. Subiri kidogo. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Ni kweli, iwapo hao wengi hawakulisikia neno kwa mtu mmoja.

Tarehe 19 Novemba 2012 seva mbili za saa za kituo cha jeshi la majini la Marekani, zinazojulikana kwa majina ya tick na tock, zilirudi ghafla mwaka 2000. Watu waliokuwa wameweka zote mbili walijiona wana akiba: hii ikikosea, ile itanisaidia. Zilikosea pamoja, kwa sauti moja, kwa tarehe moja. Mitandao ya ofisi iliyozifuata ikakataa watumiaji wake kuingia. Tarehe 26 Januari 2016, wakati setilaiti moja kuukuu ya GPS ilipokuwa ikistaafishwa, nyingine kadhaa zilianza kutangaza saa yenye kosa la karibu mikrosekunde 13. Kwa daftari lenu ni kitu kidogo mno, lakini mitambo ya mawasiliano ya simu ilipiga kengele kwa saa nyingi, na kipokezi cha GPS cha Ulaya na cha Asia vilikosea kwa sababu ile ile. Vipokezi kumi vya GPS juu ya paa kumi ni chanzo kimoja.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha chombo cha anga cha Columbia. Kilikuwa kirushwe kwa mara ya kwanza tarehe 10 Aprili 1981. Kilikuwa na kompyuta nne zenye programu moja, zinazokaguana mfululizo, na ya tano ya akiba yenye programu iliyoandikwa na watu wengine kabisa. Zikisalia dakika ishirini hivi, ya tano ilikataa kuungana na wenzake. Nne zilikuwa zinaafikiana vizuri sana. Kumbe tangu zilipowashwa, baadhi ya kazi zake zilikuwa zimetangulia kwa mzunguko mmoja, milisekunde 40, kwa sababu ya hitilafu ambayo ingejitokeza mara moja tu kati ya kuwashwa mara 67. Nne zilikosea pamoja kwa kuwa zilinyonya titi moja. Aliyelelewa nyumba nyingine ndiye aliyeshtuka. Walizima, wakawasha, hitilafu haikujirudia, chombo kikaruka tarehe 12.

Kwa hiyo usihesabu vyanzo, hesabu koo. Kwenu ningefanya hivi. Weka kipokezi kimoja cha GPS kwenye paa la makao makuu kwa ajili ya Simba, antena ione mbingu, isiwe chini ya bati. Ongeza vyanzo vitatu vya intaneti kutoka kwa wenyeji watatu tofauti. Ukitumia majina ya pool.ntp.org, lile kundi la seva za saa zilizo wazi kwa umma, chungulia anwani yanakoelekea, maana majina mawili yanaweza kukufikisha nyumba moja. Usichanganye chanzo cha Google na vingine vya kawaida: Google hawaiongezi ile sekunde ya nyongeza, inayotiwa mara chache ili saa ziendane na mzunguko wa dunia, kwa mara moja, wanaipaka kidogo kidogo kutwa nzima, na siku hiyo wangetofautiana na wenzao hadi nusu sekunde. (Ya mwisho iliingia baada ya 31 Desemba 2016, kwetu ilikuwa saa 8:59:60 usiku, tumelala. Kampuni ya mtandao ya Cloudflare haikulala, programu yake ilitoa saa ya kabla kwenye saa ya baadaye ikapata muda hasi ikaanguka. Mataifa yamekubaliana desturi hiyo ikome ifikapo 2035, kwa hiyo huenda usikutane nayo tena.)

Chui na Twiga wamsikilize Simba pamoja na vyanzo viwili vitatu vya nje kila mmoja. Simba asiwasikilize wao kabisa. Ile duara ya kuulizana ivunje leo.

Kwenye seva za Linux tumia chrony, programu ya NTP. Kwa Chui na Twiga andika `minsources 3` ili isijirekebishe kwa kusikia wawili tu, na kwa wote watatu `makestep 1 3` ili iruhusiwe kuiruka saa iliyokosea zaidi ya sekunde moja katika marekebisho matatu ya kwanza tu baada ya kuwashwa. Baada ya hapo iende polepole, isirudishe saa nyuma wakati watu wanaweka fedha. Kisha zoea kutazama `chronyc sources`. Alama ya nyota ndiye anayefuatwa. Alama ya x ni yule aliyetolewa kwa kutogusana na wenzake. Safu ya Reach ikionyesha 377, majibu manane ya mwisho yote yamefika. Usishangae kumwona Twiga ameandika ~, alama ya usomaji unaoyumba mno, kwa chanzo fulani kila mchana na kukisamehe usiku. Hiyo ni laini, haihusiani na saa.

Intaneti ikikatika, kama mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilivyokatika Mei 2024 na Afrika Mashariki ikapapasa, utabaki na GPS ya Simba, na Twiga atabaki na kristali yake akiwa hamfikii hata Simba. Kristali ya kawaida ikikosea sehemu 50 katika milioni, inapotea milisekunde 10 kwa sekunde 200, dakika tatu na kidogo. Lakini chrony inakuwa imejifunza tabia ya kristali ile kwa siku nyingi na inaifidia. Kosa likibaki sehemu moja katika milioni, milisekunde 10 zile zile zinachukua sekunde 10,000, karibu saa mbili na dakika arobaini na saba. Ila likumbuke joto. Kiyoyozi kikizimika pamoja na umeme, ile tabia iliyofunzwa si tabia tena.

Sasa nikwambie jambo ambalo halitakufurahisha. Hayo yote hayatamtosheleza mkaguzi wako.

Utatoka milisekunde 90 hadi chache, na siku nyingi daftari litakuwa sawa. Kisha siku moja makato yatafuata amana kwa milisekunde moja na saa zitapishana kwa mbili. Kuna mpaka ambao ufundi hauvuki: Lundelius na Lynch walionyesha mwaka 1984 kwamba seva zikitegemea kuulizana tu, hata zote zikiwa nzima, haziwezi kuhakikishiwa kukaribiana zaidi ya kiwango cha kutotabirika kwa njia, toa kiwango hicho hicho kikigawanywa kwa idadi ya seva. Njia zenu zinacheza kati ya 20 na 140, yaani 120. Kwa seva tatu mpaka ni 80. Ulikuwa na 90. Mtangulizi wako, maskini, hakuwa mbali na ukomo wa mtindo wake.

Mpangilio wa miamala usiutegemeze kwenye saa ya ukutani. Lamport alilisema hili mwaka 1978, na dawa yake inaandikika kwa mistari kumi. Kila seva iwe na kihesabio. Kila tukio kiongezeke moja. Kila ujumbe ubebe namba yake, na anayepokea achukue iliyo kubwa kati ya yake na iliyokuja, aongeze moja. Amana kwa Chui ikipata 5012, ujumbe wa kuagiza makato unabeba 5012. Simba hata kama alikuwa 4890 anaruka hadi 5013, na makato hayawezi kupata namba ndogo kuliko amana iliyoyazaa. Daftari lipangwe kwa namba hiyo. Safu ya saa ibaki kwa ajili ya macho ya watu na ya mkaguzi. Ukitaka namba inayofanana na saa, ziko saa za mseto, wazo la mwaka 2014, zinazochukua saa ya ukutani na kuishika mkono pale inapotaka kurudi nyuma. Hifadhidata ya CockroachDB inazitumia, na bado ikiona saa ya nodi yake, yaani seva yake mojawapo, imekengeuka kupita kiasi kutoka kwa wenzake, nodi hiyo hujizima yenyewe. Mimi nimeupenda ukali huo. Afadhali tawi lifungwe nusu saa kuliko liandike uongo siku nzima.

Miamala ya nyuma usiihariri. Mwandikie mkaguzi maelezo ya tofauti ile ya 90, uambatanishe vipimo vya GPS, mihuri ya zamani ibaki ilivyo.

Na Twiga wa mwaka 2015: hilo ni betri. Ndani ya kasha, juu ya ubao mkuu, kuna kidude cha duara kama sarafu, kimeandikwa CR2032. Kimekufa, ndiyo maana umeme ukikatika saa ya ubao haina cha kuishikilia. Kibadilishe kabla ya kugusa kitu kingine chochote nilichoandika hapo juu, kwa sababu seva inayoamka mwaka 2015 huona vyeti vyote vya usalama vya mtandao kuwa bado havijaanza kutumika, na huenda ikashindwa hata kupata hiyo chrony unayotaka kuiweka. Ukishaweka mpya, rekebisha tarehe, zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kaa dakika kumi, washa, na uitazame tarehe kwenye skrini ya mwanzo kabisa kabla mfumo haujapakiwa.